Mashindano ya bao Mtwara: namna ya kuyaandaa mpaka mgeni naye aende kuandaa kwao

Mwaka wa kwanza tulikwama Mikindani karibu saa nzima kwa sababu ya shimo moja. Mzee mmoja wa Lindi alikuwa amekaa na kijana wa Mombasa. Kete za mkononi zimekwisha, wameshaingia mtaji, yaani wanacheza kwa kete zilizo baoni tu. Kijana akatakata, yaani akacheza bila kula, kete ya mwisho ikalala, akarudisha mikono magotini. Mzee akanyoosha mkono kwenye shimo lake la tatu, akazoa kete.

"Hilo limetakatiwa, mzee wangu. Hulichezi."

"Limetakatiwa na nani?"

"Na mimi, sasa hivi."

"Mwanangu, mimi bao nimeanza kabla babako hajaoa. Kijiweni kwetu hatufungiani mashimo."

Watazamaji wakagawanyika. Nyuma mtu akapiga kelele, "Njomba, mwache mzee acheze!" Mwamuzi nilikuwa mimi, na sikuwa na karatasi yoyote ya kushika. Nikaamua kwa kumwogopa mzee. Kijana akafungwa, akampa mkono kwa adabu zote, akapanda basi. Mwaka uliofuata tulimwalika tena, hakuja.

Nayaandika haya kwa mtu wa Mtwara au Lindi anayetaka bao letu lichezwe mbali kuliko lilipo sasa. Kujaza watu uwanjani si kazi ngumu. Ngumu ni kumfanya mgeni aondoke akiwa na kila kitu cha kuandalia mashindano kwao. Akiondoka na fulana tu, mchezo umebaki palepale ulipokuwa.

Wenzetu wameshapita njia hii. Wavuvi wa Hong Kong walikuwa wakishindana kwa mashua zao za joka tangu enzi, wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1976 wakaandaliwa mashindano ya kimataifa, na timu ya nje ilikuwa moja tu, kutoka Nagasaki, Japani. Moja! Miaka kumi baadaye, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya 1986 kule Vancouver, Kanada, Hong Kong ilipeleka mashua, na maonyesho yalipokwisha ikaziacha hukohuko. Waliozikuta wakaanza kushindana nazo. Mwaka 1991 shirikisho la kimataifa likaundwa. Hapo kwenye kuacha mashua ndipo ninapopapenda mimi, na tutaparudia tukifika kwenye mabao.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na sisi. Wakirigizi wa Asia ya Kati wana mchezo uitwao toguz korgool, ndugu wa bao: mashimo 9 kila upande na kete 162. Wakazaki wana toguz kumalak, Waturuki wana mangala. Wakirigizi walipoanzisha Michezo ya Dunia ya Wahamaji mwaka 2014 pale Cholpon-Ata, toguz korgool ilipewa meza yake rasmi pamoja na mieleka na michezo ya farasi. Baadaye michezo hiyo ikaandaliwa Uturuki mwaka 2022 na Kazakistani mwaka 2024. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2020, nchi hizo tatu zikaingiza michezo yao ya kete kwenye orodha ya urithi ya UNESCO kwa ombi moja. Majina hayakulingana, na kila mmoja alibaki na la kwake.

Anza na kanuni, na uziandike

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote. Ipe miezi mitatu. Usianze na mdhamini, usianze na fulana.

Ita mafundi wa vijiwe visivyopungua vitano: Mtwara mjini, Mikindani, Lindi, Masasi, na ukiweza Kilwa. Wakae siku mbili na bao katikati. Mambo ya msingi hayatawagombanisha. Mashimo ni 32, kete ni 64. Kila mmoja anaanza na kete 6 kwenye nyumba, lile shimo la mraba la mstari wa mbele, 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi. Unanamua, yaani unaingiza kete za mkononi moja moja, mpaka ziishe, ndipo mtaji. Ukikosa kete mstari wa mbele, hamna, umefungwa. Ukiwa na kete lakini huna pa kwenda, umefungwa vilevile.

Ugomvi uko pembeni mwa hayo, na huko ndiko pa kukaa. Andikeni majibu ya maswali haya, moja moja.

Kutakatia, yaani kumfungia mpinzani shimo asilicheze zamu yake, kuna nguvu au hakuna? Kama kuna, shimo gani halifungiki? Sisi tumeandika kwamba nyumba iliyosimama, ambayo kete zake hazijazolewa, haifungwi, na shimo likiwa ndilo pekee lenye kete mstari wa mbele, nalo halifungwi. Kabla ya kuyaandika hayo tulijadiliana mpaka muadhini akaita magharibi.

Nyumba inasafiri lini? Ukiwa katika kula na kete ya mwisho ikafika kwenye nyumba yako, una hiari ya kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri, yaani kuzoa kete za nyumba na kuendelea. Je, mchezaji atamke "safari" kabla hajazoa, au mkono wake ndio utakaosema? Mchague moja. Sisi tulichagua mkono, kwa sababu mgeni asiyejua Kiswahili atasahau kutamka, na si haki afungwe kwa ulimi.

Mtaji usiokoma je? Mnaujua: unazunguka, unakula, unazunguka, mpaka watazamaji wanakwenda kunywa kahawa na kurudi. Upo uwezekano usiishe kabisa. Kanuni yetu ni kwamba mwamuzi akihesabu dakika tano mfululizo, mchezo unafutwa na kuanza upya. Ninyi mnaweza kuweka nyingine, bora iwepo kabla kete ya kwanza haijaanguka.

Aliyekosea kugawa kete je? Kete mbili zikidondoka shimo moja na mpinzani asione mpaka zamu yake ifike? Na anayegusa shimo kisha akabadili nia? Kijiweni haya yanamalizwa kwa kucheka. Mbele ya mtu aliyesafiri siku mbili hayachekeshi.

Matokeo yawe kurasa nne, zisizidi. Kiswahili kwanza, kisha mtafute wa kuwatafsiria Kireno, Kifaransa, Kichewa na Kiingereza. Majina ya mchezo yasitafsiriwe. Nyumba ibaki nyumba, takata takata, na mashimo ya mwishoni mwa mstari wa mbele yabaki kichwa na kimbi. Mchezaji wa judo popote duniani anasema "ippon" na haulizi kwa nini ni Kijapani.

Mabao yafanane, kete zihesabiwe

Kwa wachezaji 24 unahitaji mabao 12. Yachongwe na fundi mmoja, au mafundi wanaofuata kipimo kimoja. Kwa kuchonga mkoa wetu haujawahi kuwa na njaa, lakini mchongaji wa sanaa ana ugonjwa wake: kila kazi anataka iwe tofauti. Mwambie wazi kwamba hapa unataka kumi na mbili zinazofanana kama sahani za hotelini. Kina cha mashimo kimoja, nyumba ya mraba mahali pake kwa wote wawili, na mashimo mapana kiasi cha vidole vinne kuingia na kuzoa bila kukwangua. Mninga na mkongo vinafaa. Mpingo ni mzito na ghali, uhifadhi kwa kinyago cha bingwa.

Komwe za mkomwe ndizo kete nzuri. Mabao 12 mara 64 ni kete 768. Okota 850, chambua zinazolingana, zigawe kwenye vifuko 12 vya kitambaa na ushone namba kwenye kila kifuko. Akiba weka pembeni.

Kabla ya kila mchezo, wachezaji wote wawili wahesabu 32 zao kwa sauti. Mwaka wa pili mchezo mmoja ulifika katikati ndipo fundi mmoja akasimama akasema hesabu haimwingii. Tukahesabu: 63. Kete moja tuliikuta uani, mtoto wa mwenye nyumba anaichezea gololi. Mchezo ukafutwa, na aliyekuwa anaongoza hakutusemesha mpaka siku ya pili jioni.

Sasa turudi kwenye mashua za Vancouver. Chonga mabao ya ziada, moja kwa kila nchi mgeni, na yawe mepesi. Sisi tumechonga ya vipande viwili yaliyoungwa kwa bawaba, yanakunjwa na kuingia kwenye begi. Mpe mgeni pamoja na kifuko cha kete na kurasa zako nne. Umpe na risiti ya mchongaji, na uulize mapema ofisi ya misitu ya wilaya kuhusu kibali cha kusafirisha, asije akasimamishwa mpakani na zawadi yako ikawa mzigo. Kama pesa inatosha kombe la kung'aa au mabao manne ya zawadi, nunua mabao manne. Kombe litakaa kabatini kwa mtu mmoja.

Vibali

Hapa nitapita haraka kwa sababu ofisi zenyewe zitakueleza. Michezo nchini iko chini ya Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoundwa kwa sheria ya 1967. Anza na afisa michezo wa manispaa au halmashauri yako, msajili klabu au chama, na barua ya kualika timu za nje ipite kwake iende juu. Ukiweka ngoma na wasanii, ongeza afisa utamaduni. Polisi wapate taarifa. Barua zote zitoke miezi sita kabla. Kuna ofisi moja barua yetu ilikaa wiki saba chini ya kikombe cha chai, na duara la chai nimelihifadhi mpaka leo.

La muhimu zaidi: viingilio vya wachezaji visigeuke zawadi ya mshindi. Watu wataita kamari, na masheikh watakuwa na haki ya kusema. Zawadi itoke kwa mdhamini, kiingilio kilipie chakula.

Tarehe na mahali

Juni hadi Agosti. Mvua zimekwisha, kusi inavuma, joto halimchoshi mzee. Kuanzia Septemba watu wanaingia mashambani kuokota korosho, na Oktoba mpaka Desemba akili yote iko kwenye mnada. Fedha ipo wakati huo, nakubali, ila fundi wako atakuwa amekaa nje ya chama cha msingi akisubiri malipo. Mwezi wa Ramadhani uache kabisa.

Wapo wanaoshauri kuyaweka ndani ya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale Ngongo, Lindi, kwa kuwa watu wapo tayari. Tulijaribu siku moja ya maonyesho. Spika ya mwuza mbegu upande huu, spika ya mwuza simu upande ule, na katikati mzee anahesabu kete kichwani. Bora wiki moja kabla au baada.

Mahali pawe na kivuli na baraza. Mikindani ina nyumba za kale, upepo wa bahari na kituo cha basi karibu, na kutoka Mtwara mjini ni kama kilomita 10. Mgeni anayependa historia ataambiwa Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, atapiga picha, atarudi mezani. Weka benchi na mikeka, lakini uwe na meza na viti vichache pia, maana kuna wageni ambao magoti yao hayajui kukunja. Na ulete jenereta. Usiulize gesi ya Mnazi Bay, inayochimbwa hapahapa Mtwara, inakwenda wapi, wewe leta jenereta.

Nani aalikwe kwanza

Kosa la wengi ni kuota Ulaya kabla ya Nachingwea. Mduara wa kwanza ni watu wanaolijua bao tayari: Zanzibar, Lamu na Mombasa, Malawi wanakoliita bawo, Msumbiji ya kaskazini, Comoro na Mayotte wanakoliita mraha. Hawa huwafundishi mchezo, mnapatana kanuni tu. Lamu wana tamasha lao la utamaduni lenye mashindano ya bao pamoja na resi za jahazi na za punda, kwa hiyo pale kuna wenyeji wenzako na si wachezaji peke yao. Mwalike mwandaaji wao akae nawe mezani kama mwamuzi. Atakuambia makosa yako, na yeye ataiba mazuri yako. Mwache aibe.

Kwa Msumbiji, njia ya barabara ni Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010, na karibu na Mtwara kuna kivuko cha Kilambo. Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi, imekuwa na mashambulizi tangu 2017, kwa hiyo shauriana na Uhamiaji mapema, mgeni apite kituo rasmi na karatasi zake. Kuvusha mtu kwa mtumbwi kwa sababu "ni ndugu zetu" kutakufungia mashindano.

Mduara wa pili ni wachezaji wa michezo ya jamii hii popote walipo, wa toguz korgool wakiwemo, na wanafunzi wa Kiswahili. Hawa wawekee kundi lao la bao la kujifunza, lile la kete mbili kila shimo bila namua. Mtu mwenye akili ya hesabu atalishika asubuhi na kucheza mchana. Ukimtupa moja kwa moja kwa fundi wa Mikindani, atafungwa mkononi, kabla hata ya kufika mtaji, mara tatu na hutamwona tena.

Kabaddi, mchezo wa India wa kukimbizana na kukamatana, inaonyesha mwaliko unavyofanya kazi. Kombe la dunia la 2016 pale Ahmedabad lilikuwa na timu 12, na Kenya ilikuwemo. Hakuna Mkenya aliyezaliwa kijijini kwao wanacheza kabaddi. Walifundishwa, wakaalikwa, wakavaa jezi ya taifa, na sasa kuna watu Nairobi wanaoujua mchezo wa watu wengine.

Na wanawake? Kijiwe ni baraza la wanaume, na tangazo lililobandikwa kijiweni litasomwa na wanaume. Peleka bao shuleni, peleka kwenye vikundi vya kukopeshana, mwaka mzima kabla. Tulipofanya hivyo tulipata wachezaji saba, na mmoja wao aliwatoa jasho wazee wawili mfululizo.

Usitumie mtoano

Piga hesabu. Wachezaji 24 kwa mtoano: nusu yao wanacheza mchezo mmoja na kumaliza. Mtu ametoka Malawi, amelala Songea, amepita Tunduru na Masasi, amefika na vumbi kichwani, anafungwa dakika ya ishirini. Muda wote uliobaki anakunywa chai na kutazama.

Tumia mfumo wa Uswisi, wanaoutumia watu wa sataranji. Hakuna anayetolewa. Kila raundi wenye pointi sawa wanakutanishwa, na waliokwisha kukutana hawakutanishwi tena. Raundi sita kwa watu 24 ni michezo 72, na kila mtu anarudi kwao amecheza sita na watu sita tofauti. Raundi moja ipe saa moja na nusu pamoja na mapumziko: nne siku ya kwanza, mbili siku ya pili, swala zikiwa ndani ya ratiba. Mchana wa siku ya pili wanne wa juu wacheze nusu fainali na fainali mbele ya umati. Umati nao unataka kitu chake.

Saa za sataranji ni nzuri ukizipata. Dakika 20 kwa kila mchezaji zinatosha. Anabonyeza saa kete ya mwisho ikishalala na mkono ukiwa nje ya bao.

Andika kila mchezo

Watu wanadhani bao haliandikiki kwa sababu mikono inakwenda mbio. Linaandikika kirahisi kuliko wanavyofikiri. Ukishajua shimo la kuanzia na upande wa kwenda, kete zenyewe zinaamua yaliyobaki, isipokuwa nyumba: ililala au ilisafiri. Kwa hiyo kila zamu inahitaji alama mbili, na mara chache tatu.

Mpe mchezaji mmoja herufi kubwa: A1 hadi A8 mstari wa mbele, B1 hadi B8 wa nyuma, kuanzia kushoto kwake. Mwenzake herufi ndogo, naye kuanzia kushoto kwake. Mshale unaonyesha upande, na "s" ni safari. Mwanafunzi wa kidato cha pili akikaa pembeni na daftari anamaliza mchezo mzima kwenye ukurasa mmoja. Tulichukua wanafunzi 12, tukawafundisha Jumamosi mbili, tukawalipa nauli na chakula. Makosa yapo, basi tukaongeza simu juu ya kila bao, imefungwa kwenye kijiti, inarekodi mikono na mashimo tu. Jioni mnalinganisha daftari na video.

Daftari hizi ndizo zitakazomfikia mtu ambaye hatakuja Mtwara maisha yake yote. Akiwa na bao na kanuni, anaweza kukaa kwake na kuurudia mchezo wa fainali kete kwa kete, na kujiuliza kwa nini mzee hakusafiri raundi ile. Mafundi wetu wamekufa na michezo yao kichwani. Nawakumbuka wawili pale Mikindani ambao hakuna aliyewahi kuandika hata zamu yao moja.

Kikao cha siku ya mwisho

Asubuhi baada ya fainali, kabla mabasi hayajaondoka, wakalishe wageni na wenyeji saa mbili. Ajenda tatu. Kwanza, kanuni ipi iliwasumbua? Irekebisheni hapohapo na muandike tarehe ya toleo. Pili, nani ataandaa mwaka kesho? Ukipata mtu wa nje aliye tayari, mpe, hata kama Mtwara mlitaka kubaki nayo. Mwahidi mwamuzi mmoja na mabao sita ya kuazima. Tatu, nani ataweka orodha ya wachezaji na pointi zao? Awe mtu mmoja mwenye subira, si kamati.

Mwaka wa tatu, kwenye kikao hicho, tulimpigia simu yule kijana wa Mombasa tukamsomea kanuni ya kutakatia kama ilivyoandikwa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama shimo pekee lenye kete zaidi ya moja nalo linafungwa. Hatukuwa tumeliandika. Tukaliandika.

Ndani ya wiki moja tuma matokeo, daftari zilizopigwa picha na video kwa kila aliyecheza, pamoja na hesabu ya fedha kwa waliochangia. Lakini kabla ya hayo, kabla hata ya kurudisha benchi za watu, fungua vifuko vyote 12 na uhesabu kete.